Kete Iliyorudi Mkononi mwa Mzee Masanja

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Sudi, fundi cherehani wa Mabatini, na siku ya pili ya matanga nilikasirika mbele za watu. Sikukusudia. Nilikuwa ndani na wanawake wenzangu tukichambua mchele, na nje, chini ya turubai la wanaume, mtu mmoja akaanza kusimulia habari za ile meza ya dhumna iliyokuwa barazani kwa marehemu. Akafika pale ambapo Mzee Masanja, aliyekuwa akicheza upande mmoja na marehemu, alicheza kete moja mara mbili. Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kupunguza uzito wa kifua. Msimuliaji akamalizia kwamba siku hiyo ndipo walipojua akili ya mzee wa watu imekwisha kuondoka. Nikaweka ungo chini, nikatoka hadi kwenye turubai, nikawaambia kwamba si kweli, kwamba mimi nilikuwepo, kwamba kilichokosea ni programu na programu yenyewe nilikuwa nimeiunda mimi. Wakanitazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Mmoja akaniambia pole, dada yangu, msiba una mambo. Nikarudi kwenye mchele wangu.

Jioni yake, kwenye kundi la simu la wakazi wa zamani wa mtaa wetu, mjukuu wa marehemu akatuma shukrani za rambirambi, na mwishoni akabandika alama ya kete ya dhumna. Ilionekana vizuri kabisa, nukta zote mahali pake, bila mtu yeyote kutoa jasho. Nilizidi kuchukia. Alama hiyo hiyo ilinila karibu mwaka mzima wa ujana wangu. Kama ukurasa huu umechapwa sawasawa, msomaji ataiona hapa: 🁋. Na kama anaona kisanduku kitupu, basi amekwisha kuelewa nusu ya habari bila mimi kuendelea. Mambo ya wazazi wangu na nilikozaliwa nayaruka kwa makusudi, hayakuchangia chochote. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza stashahada ya kompyuta, sina kazi, nina kompyuta iliyokuwa ikipata moto kama pasi, na chumba cha kupanga nyuma ya baraza la Mzee Sudi.

Dirisha la chumba kile lilitazamana na jiwe. Mabatini watu hujenga pale mawe yanaporuhusu, na mwenye nyumba wetu aliruhusiwa kidogo sana. Asubuhi jiwe lilikuwa la baridi na mchana lilirudisha joto ndani kama jiko la mkaa, kwa hiyo nilikuwa nikifanya kazi nimekaa sakafuni, miguu ndani ya beseni la maji. Kati yangu na baraza palikuwa na ukuta wa mabati na mbao nyembamba za dari zilizobaki kwenye ujenzi mwingine. Nilisikia kila kitu: cherehani, redio, kikohozi cha Mzee Sudi, na kuanzia saa kumi alasiri, kete. Mtu akibamiza kete mezani, kikombe changu cha chai kilitikisika. Nilijifunza mchezo ule kwa masikio kabla ya kuuona kwa macho, nikiwa ninakula ugali wangu wa muhogo na dagaa, na mara chache, mambo yakiwa mazuri, kipande cha samaki sato kutoka soko la mwaloni.

Dhumna, ambayo wengi wetu huku bara tunaiita domino tu, ina kete ishirini na nane. Kila kete ina nukta pande mbili, kuanzia upande mtupu hadi sita. Wanakaa watu wanne, wawili wakiwa upande mmoja na wawili upande mwingine, kila mtu na kete zake saba, wanaunganisha namba kwa namba mpaka mmoja amalize. Asiyejua atakuambia ni bahati. Mzee Masanja hakuwa mtu wa bahati. Alikuwa fundi baiskeli, mpangaji wa chumba kilichopakana na changu, Msukuma mrefu mwenye sauti ya chini, na mzunguko wa tatu ukipita alikuwa anajua nani ana nini. Nilimsikia akimwambia Mangi, mwenye duka la misumari na rangi ng'ambo ya barabara, kwamba ile tano-tano aliyoikalia itamwozea, na kweli ilimwozea. Mzee Sudi alicheza upande wa Masanja miaka mingi, wakifahamiana kwa namna mtu anavyovuta pumzi, bila kufikiri. Mangi alikuwa upande wa pili na yeyote aliyekuwa hana kazi siku hiyo.

Mvua za vuli zilipoanza, Mzee Masanja akaanguka bandani kwake, spana mkononi. Kiharusi. Mkono wa kulia ukakataa, mguu ukaburuzika, na ulimi ukawa mzito. Alipotoka hospitali binti yake, Dada Kabula, alimpeleka kwake Misungwi, na baada ya muda akarudi Mabatini kufunga vitu vya baba yake. Siku hiyo nilikuwa ndani ninakula. Nilimsikia akimwambia Mzee Sudi, kwa heshima zote, kwamba anataka kurudisha chumba na kuondoa kitanda na vifaa. Alisema baba anataka maji anaomba kiatu, anamwita mbuzi kwa jina la shangazi yake, na mtu wa namna hiyo hawezi kuishi peke yake mjini. Hakuwa anasema kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi.

Mzee Sudi alizima cherehani. "Ulimi si kichwa, mwanangu," akasema. "Nilipoenda kumwona hospitali nilimwekea kete mkononi. Akaitazama, akaigeuza, akaiunganisha na yangu. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje hana akili?"

Nikaacha kutafuna nisikie vizuri. Kisha Dada Kabula akasema sawa, wamwonyeshe hiyo akili. Kama baba atacheza nao kama zamani, akiwa huko huko Misungwi, mpaka mpunga uvunwe, chumba kitabaki chake na yeye mwenyewe atamrudisha Mabatini. Kama hawezi, basi wasimsumbue tena. Mzee Masanja alikuwa anataka jambo moja tu duniani, na hilo halikuhitaji ulimi mwepesi kulielewa: kurudi kwenye banda lake. Kila aliyemtembelea alisimulia kwamba alikuwa akinyoosha mkono mzima kuelekea upande wa ziwa, iliko Mabatini.

Wakajaribu kucheza kwa kumpigia simu. Alikuwa akikusudia tano anatamka tatu, anajisikia amekosea, anakasirika, anatupa simu. Wakajaribu kumwandikia tarakimu. Dada Kabula alisema baba anaitazama tarakimu kama mgeni aliyekosea nyumba. Lakini nukta alizijua. Ukimchorea kete yenye nukta kwenye vumbi, kidole chake kilienda moja kwa moja pale inapotakiwa kuunganishwa. Nilitoka chumbani na sahani mkononi, hakuna aliyenikaribisha, nikasema mimi naweza kumtengenezea kete ndani ya simu. Mangi akaniuliza kwani wewe ni nani. Mzee Sudi akasema ni mpangaji wa hapa nyuma, ana shule. Nikajiona mtu.

Kwa nini sikutumia picha, ndilo swali ambalo kila mtaalamu kijana huniuliza siku hizi, na huwa linaniudhi. Nyumba ya Dada Kabula ilikuwa nyuma ya kilima, pembeni ya shamba la viazi vitamu, na mtandao ulifika pale ukiwa hoi. Picha moja ilikuwa ikifunguka nusu, kisha inakaa. Maandishi yalipita. Ndipo nikagundua kwamba kwenye jedwali kubwa la herufi za dunia, lile ambalo kila kompyuta hulitumia kujua kwamba namba hii ni A na namba ile ni herufi ya Kiarabu, wameweka pia kete za dhumna. Zote. Zilizolala na zilizosimama, kila moja na namba yake, tayari kuandikwa kama unavyoandika jina lako. Unazidisha nukta za kushoto kwa saba, unajumlisha za kulia, unaongeza kwenye namba ya kete ya kwanza, umepata alama. Nilicheka peke yangu mle chumbani mpaka Mzee Sudi akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Nilimtumia Mzee Masanja kete saba kama majaribio. Dada Kabula akanipigia kuniambia kwamba yeye anaona visanduku saba. Vitupu. Kete kuwa kwenye jedwali ni jambo moja, na simu kuwa na mchoro wake ni jambo jingine, na waliotengeneza simu ile hawakuona sababu ya kuchora dhumna. Nikatafuta fonti, yaani faili la michoro ya herufi, iliyokuwa na kete hizo. Fonti ikawa nzito, mtandao wa Misungwi ukaikataa. Nikaichambua, nikaondoa lugha za dunia nzima mpaka zikabaki kete peke yake, nikaibeba ndani ya ukurasa wenyewe. Visanduku vikaondoka. Nikaanza kuhifadhi mchezo kwenye seva, na kesho yake kete zote zikarudi zikiwa alama za kuuliza, kwa sababu hifadhidata ile ilipimwa kwa herufi fupi na kete hizi ni ndefu, basi yenyewe ikaamua kuzitupa bila kumwambia mtu. Nikaliponya hilo. Nikaiambia programu ihesabu kete za mzee, ikaniambia zina idadi mara mbili ya zilizokuwepo, maana lugha niliyoandikia ilihesabu kila kete kama vipande viwili. Nikikata mstari wa kete katikati, wakati mwingine nilikuwa ninaipasua kete moja, na nusu zake zote mbili zilikuwa takataka. Nililia kwa hasira, miguu ikiwa ndani ya beseni. Hakuna mtu mtaani kwangu ningeweza kumweleza tatizo langu. Jirani aliponiuliza nasumbuliwa na nini nikamjibu kwamba herufi ni pana mno, akaniletea uji.

Hatimaye ikawa. Mchezo wenyewe tuliupanga hivi. Barazani walicheza kwa kete halisi, zile za plastiki nyeupe zilizokuwa zimeshakuwa na rangi ya meno. Kete saba za Mzee Masanja nilipewa mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, nikazisimamisha mbele yangu, nikaziingiza kwenye simu yangu, na yeye kule Misungwi akaziona kwenye ya kwake. Kila iliyochezwa mezani nilimwandikia. Zamu yake ikifika alikuwa akigusa kete anayoitaka kwa kidole gumba cha kushoto, kwangu inaonekana, nami ninaibamiza mezani kwa niaba yake. Siku ya kwanza niliiweka taratibu. Mzee Sudi akaniomba niirudie kwa sauti, akasema mwenzake hajawahi kuweka kete kama anaweka yai.

Wakashinda. Siku hiyo na nyingine kadhaa. Mzee Masanja alimfungia Mangi mchezo akiwa umbali wote ule, na Mangi akapiga meza kwa furaha ya mtu aliyepigwa na adui anayemheshimu. Dada Kabula alikuwa akikaa pembeni ya baba yake, simu akiwa ameiegemeza kwenye sufuria, na siku moja akaniambia kwa sauti ndogo kwamba baba amecheka. Alisema pia kwamba amemwambia mwenye nyumba wa Mabatini asubiri. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke.

Kisha yakaja malalamiko, na yalikuwa ya haki. Programu yangu iliandika kila kete namba ndogo ikiwa kushoto, kwa hiyo kwenye simu ya mzee mstari wa mezani ulionekana umekatika: tano ya kete moja ilikaa karibu na tatu ya nyingine wakati barazani tano ilikuwa imeshikana na tano. Dada Kabula alieleza kwamba baba anaonyesha simu, anagonganisha ngumi mbili hewani zinapishana, anatikisa kichwa. Mchezaji wa kweli hawezi kutazama mstari usioshikana, anaumwa. Nikatafuta njia ya kuzigeuza. Na hapa nisikilizwe vizuri, maana ndipo penye jambo lenyewe. Waliopanga lile jedwali la herufi walimpa kila mtu anachotaka: tatu-tano ina namba yake na tano-tatu ina namba yake nyingine kabisa. Wao walikuwa wanahesabu michoro. Mezani hakuna kete mbili hapo, ni plastiki moja, umeizungusha tu. Kipande cha programu cha kuzigeuza nilikichukua mtandaoni kwa mtu nisiyemjua, kama tunavyofanya sote, nikakijaribu, mstari ukashikana vizuri, nikaridhika.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, na baraza lilijaa kwa sababu habari za mzee anayecheza kutoka Misungwi zilikuwa zimefika mpaka Nyakato. Mapema kabisa Mzee Masanja aligusa tatu-tano. Mwisho uliokuwa wazi ulikuwa wa tano, kwa hiyo ikabidi igeuke, ikaingia mstarini ikiwa tano-tatu, nami nikaibamiza. Mizunguko miwili baadaye zamu yake ikarudi. Akakawia. Nakumbuka alikawia sana, mpaka Mangi akaanza kuimba. Kisha kwenye simu yangu ikatokea chaguo lake: tatu-tano. Nikainua mkono kuichukua kwenye kete zilizosimama mbele yangu. Haikuwepo. Nikaitafuta chini ya meza. Mangi ndiye aliyenyoosha kidole akaonyesha katikati ya mstari, pale ilipokuwa imelala tangu mwanzo.

Ningependa kuandika kwamba mimi nilishtuka nikajua mara moja kosa liko wapi. Sikujua. Nilifikiri walichofikiri wote. Mzee Sudi alifunika ile kete kwa kiganja, akaomba simu yangu, akampigia Dada Kabula. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake siku hiyo ulitugharimu. "Mwanangu, leo mwenzangu amechoka," akamwambia. "Amerudia kete." Nilisikia sauti ya Dada Kabula ikitoka kwenye simu, ndogo, imetulia kabisa. Alisema alijua tu siku hii itafika.

Kesho yake asubuhi nilikaa na programu ile, na kabla chai haijapoa nikaona. Nilicheza tatu-tano kwenye simu yangu mwenyewe kwa kuigeuza. Programu ikaandika tano-tatu mezani, kisha ikaenda kuiondoa tano-tatu mkononi, haikuiona, maana mkononi palikuwa na tatu-tano, namba nyingine, mchoro mwingine, kwake kitu kingine. Ikaiacha. Kete ikabaki inang'aa mkononi mwangu kana kwamba sijaicheza. Nilitoka mbio peku hadi barazani. Nikamweleza Mzee Sudi mwanzo hadi mwisho, nikamwonyesha, nikarudia kumwonyesha. Aliitazama simu kwa adabu, miwani ya kushonea ikiwa puani, akaniambia, "Binti, una moyo mzuri. Mungu atakulipa." Nikavuka barabara kwa Mangi. Mangi akasema kompyuta haikosei, anayekosea ni mtu. Nikamwambia mtu mwenyewe ni mimi, nimeiunda mimi. Akasema basi ni hivyo hivyo, wewe unampenda mzee, na mwenye kupenda hakosi la kusema.

Sijawahi kuchoka kama siku ile. Kama ningesema kosa si langu, wangeniamini haraka. Nilikuwa nasema ni langu, mchana kweupe, na hapakuwa na mtu wa kulipokea. Kwa miezi yote niliyohangaika na visanduku na alama za kuuliza hakuna aliyeitilia shaka akili ya simu, na sasa imedanganya kwa mara ya kwanza wakaiamini kuliko mtu waliyekaa naye miaka. Nilimpigia Dada Kabula. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia asante Leti, umetusaidia sana, lakini tusidanganyane, baba ni wangu na mimi ndiye ninayemwona. Nikamwomba anisubiri nije nimwonyeshe. Akasema karibu wakati wowote, nyumbani ni kwako, na kwamba gari la mizigo limeshaondoka kuja kuchukua kitanda.

Lilifika mchana, kanta ya kubebea viazi, na dereva akiwa na mtu wa kupakia. Nilisimama mlangoni kwa Mzee Masanja nikawaambia hakuna kinachotoka. Dereva, mtu mpole, alinisikiliza habari zote za kete, akasema dada mimi nimetumwa kitanda. Mzee Sudi akanishika bega akanivuta pembeni. Wakatoa kitanda, godoro, sanduku la bati, jiliwa la kushikia vyuma lililokuwa limefungwa kwenye meza ya bandani, na mafungu ya spoku. Wapangaji wapya wakawa wameshakuja kupima dirisha kwa ajili ya pazia. Nikapanda mbele na dereva, simu yangu na kompyuta vikiwa mapajani, nikaenda nacho kitanda Misungwi, kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kufika haraka.

Dada Kabula alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, anakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba akanisogezea kiti bila kuacha kisu. Mzee Masanja alikuwa kwenye kiti cha kuegemea karibu na ukuta, blanketi magotini, amekonda usoni. Sikuwa nimemwona tangu aanguke. Shikamoo yangu aliijibu kwa macho. Mbele yake palikuwa na sahani ya matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikaanikwa, na simu ile ikiwa imelala kifudifudi. Dada Kabula alisema tangu jana hajaigusa, na akiwekewa mkononi anaigeuza hivyo.

Nikawaonyesha. Nilifungua mchezo mpya, nikajipa kete saba, nikaicheza ile ile kwa kuigeuza, nikamwekea Dada Kabula simu mbele ya uso mpaka akalazimika kusimamisha kisu. Ona mezani, nikamwambia, halafu ona mkononi. Akaona. Nilimwona akiona. Akafuta mkono kwenye kanga, akaniuliza kama inafanya hivyo kwa kila mtu. Nikamwambia kwa kila mtu, hata kwangu, hata kwako. Akasema, "Sawa. Lakini yeye si angeona kwamba ameshaicheza? Mwenye akili timamu si angeacha?" Hilo ndilo sikuwa nimelifikiria njia nzima, na nililichukia kwa sababu lilikuwa na maana.

Mzee Masanja akanyoosha mkono wa kushoto. Nikampa simu yangu. Akaitazama kwa muda, akaigusa kete moja ambayo ilibidi igeuke, akaisubiri. Ikaingia mezani, na mkononi ikabaki. Akatoa pumzi kwa pua, karibu na kicheko. Kisha akaanza kusema, na kusema kwake kulikuwa kazi kubwa, neno linakuja si lenyewe, analirudisha, anatafuta jingine. Tulimsubiri.

"Nilijua," akasema. "Nimetupa. Nikaona... imerudi."

Dada Kabula akamwinamia. "Sasa baba, kama ulijua, mbona uliitupa tena?"

Alifumba macho, jasho likamtoka kwenye paji. Akaonyesha simu. Akanionyesha mimi. Akanyoosha kidole kuelekea upande wa Mabatini, kwa Sudi, kwa Mangi, kwa baraza zima.

"Nilikuwa nawauliza... imerudije," akasema.

Nje ya ua walikuwa wamemaliza kufungua kamba. Dereva na mwenzake wakaingia na kitanda, mmoja mbele mmoja nyuma, wakasimama katikati ya uwanja wakiuliza kinawekwa wapi. Dada Kabula alimtazama baba yake, machozi yakimlengalenga. Kisha akainama, akachukua kiazi kingine, akawaambia wakiingize chumba cha nyuma, cha baba.